Lafudhi iliyompaisha Mzee Ojwang'

Wengi tuliokua tukitazama Vitimbi runingani tuliapa kuwa Mzee Ojwang' ni Mjaluo. Wapi! Benson Wanjau, aliyeaga dunia Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Lafudhi iliyompa umaarufu nchi nzima alikuwa amejifunza.

Dholuo haina sauti /sh/, basi msemaji wake huikimbilia /s/: 'shida' huwa 'sida', 'shamba' huwa 'samba'. Huo si uzembe wa ulimi. Lugha ya kwanza huiathiri ya pili kwa utaratibu maalumu, na Wanjau aliushika barabara bila kukanyaga darasa la isimu.

Mimi mwalimu, ole wangu, niliwahi kumwondolea mwanafunzi alama kwa 'sida' iyo hiyo. Darasa likaangua kicheko, naye akanyamaza muhula mzima.