BCM ya Motokari: Tupime Kwanza, Tubadilishe Nyuma

Motokari za zamani zilikuwa na waya wake kwa kila kazi. Ukifunga kifungo cha taa, umeme ulitoka kwenye batri, ukapita katika kifungo, ukafika kwenye taa. Kama taa ilikataa, fundi alifuata ule waya kwa mukono mpaka kuona pahali ulipokatika. Katika pikapu na jeep za siku hizi haiko vile tena. Kifungo hakiwashi taa, kinaomba tu. Kinapeleka habari kwa ordinateri moja ndogo, na ile ordinateri njo inaamuru taa iwake.

Hii ordinateri inaitwa BCM. Ni bwati ya plastiki au ya chuma, kubwa kama kitabu kidogo, yenye fishi nyingi za waya. Inaongoza taa, honi, vifuta-kioo, vioo vya milango, kufuli na alarme. Katika motokari nyingi inajua tena ufunguo wa mwenye gari, na bila ruhusa yake motere haiwaki.

Juu ya nini tunaandika habari yake? Kwa sababu bwati hii ni ya bei kali, na mara nyingi inahukumiwa bure. Mutu anauza mbuzi zake anunue bwati mupya, anaiweka, na ugonjwa unabaki palepale.

1. Alama za ugonjwa

BCM ikiharibika, motokari inafanya mambo ya ajabu. Vifuta-kioo vinatembea bila mvua. Milango inajifunga yenyewe. Taa zinacheza. Honi inalia usiku. Ao asubuhi batri imekufa, kwa sababu bwati ilikataa kulala.

Tufanye hesabu kidogo. Motokari iliyolala sawasawa inakula karibu amperi 0,05 tu. Batri ya amperi-saa 60 ingeweza kuvumilia saa 1200, maana yake siku 50. Lakini bwati isiyolala, ikikula amperi 1, inamaliza ile batri kwa saa 60, yaani siku mbili na nusu. Na mbele batri haijaisha kabisa, motere inakwisha kukataa kuwaka.

Lakini muangalie: alama hizi zote zinaweza kutoka pahali pengine pia. Kwa hiyo tupime.

2. Kupima kwa utaratibu

Kwanza, batri. Batri nzima iliyopumuzika inaonyesha karibu volti 12,6. Motere ikitembea, tunataka kuona kati ya volti 13,5 na 14,5. Batri zaifu inasumbua ordinateri zote.

Pili, fizibli, ule uzi mdogo unaoungua umeme ukizidi. BCM haina fizibli moja tu, iko nazo nyingi. Mupime kila moja pande zake mbili. Hapana kuangalia kwa macho tu.

Tatu, masi, maana yake njia ya umeme kurudi kwenye batri kwa kupitia shasi. Muwashe taa, kisha mupime volti kati ya waya wa masi wa BCM na alama ya kutoa (–) ya batri. Inafaa iwe karibu na sifuri. Kama munaona volti 1 nzima, njia imeharibika: kutu, ao bulo imelegea. Mupangushe chuma, mukaze bulo, mupime tena. Kazi hiyo haiombi pesa nyingi.

Nne, fishi. Muondoe batri kwanza, kisha muchomoe fishi za bwati na kuziangalia. Ukiona rangi ya kijani juu ya shaba, maji yaliingia. Maji yanapenda kushuka kwenye kioo cha mbele chenye mupira uliozeeka, ao kuingia wakati wa kuosha motokari ndani kwa ndoo.

Tano, waya mbili za kusemezana. Ordinateri za motokari zinazungumza pamoja kwa njia inayoitwa CAN, ambayo kampuni ya Bosch ya Ujeremani ilionyesha watu mwaka wa 1986. Ni waya mbili zilizosokotwa, na kila mwisho uko na rezistansi ya omu 120. Wanafunzi wa fizike watakumbuka: rezistansi mbili za 120 zikikaa sambamba zinatoa 60. Basi, katika motokari nyingi, batri ikiwa imeondolewa, ukipima kati ya tundu la 6 na la 14 la fishi ya uchunguzi, chini ya dashibodi, inafaa kuona karibu omu 60. Ukiona 120, upande mumoja umekatika. Ukiona karibu sifuri, waya zinagusana. Hapo si lazima bwati iwe na kosa.

Kama hizi zote ni nzuri, na bado ile bwati haijibu mutambo wa uchunguzi, ao inapokea ombi la kifungo lakini haitoi amri, sasa tunaweza kusema: BCM ni mugonjwa.

3. Kuondoa na kuweka

Mbele ya kuondoa bwati, kama ingali inajibu, fundi asome na kuandika kanuni zilizo ndani yake. Kisha aondoe waya wa kutoa wa batri na kungojea dakika kadhaa. Fishi na waya za rangi ya manjano hazichezewi, kwa sababu ni za mifuko ya hewa inayofumuka wakati wa ajali. Aguse chuma cha motokari kusudi umeme wa mwili utoke, na asiguse meno ya bwati kwa vidole. Halafu aweke ingine, akaze, arudishe batri. Kazi ya mikono imeisha, lakini kazi yenyewe bado.

4. Kufundisha bwati mupya

Taa ya motokari ukiibadilisha, inawaka. BCM haiko vile. Mufano ni Chevrolet Silverado, pikapu ya Marekani, zile zilizotengenezwa tangu mwaka wa 2007. Bwati mupya haijui namba ya motokari yenye herufi na tarakimu 17, haijui funguo zake, haijui motokari iko na vyombo gani. Inafaa fundi aunganishe mutambo wake, atie programu ya General Motors yenyewe, kisha afundishe funguo. Wakati huo wote batri isaidiwe na chaja nzuri, kwa sababu umeme ukikatika katikati, bwati mupya inaweza kufa palepale.

Na bwati ya okazioni, iliyotoka katika motokari ingine? Bei yake inavuta macho. Lakini ndani yake kuko namba na funguo za ile motokari ya kwanza, na kuko aina zinazokataa kabisa kufundishwa mara ya pili. Mbele ya kulipa, mulinganishe namba ya kipande iliyoandikwa juu ya bwati, na mumuulize fundi: uko na mutambo wa kuifundisha? Kama jibu ni hapana, pesa ibaki mufukoni.

5. Kuilinda

Mambo matatu yanaua BCM katika barabara zetu. La kwanza ni maji. La pili ni kulehemu shasi bila kuondoa waya za batri. La tatu ni kusaidia motokari ya volti 12 kwa batri za kamyo ya volti 24, ao kugeuza waya wa kuongeza na wa kutoa. Shofere anayejua haya matatu analinda bwati kuliko fundi.

Basi wanafunzi, mushike mufuatano huu: batri, fizibli, masi, fishi, waya, na mwisho bwati. Multimetri ndogo katika mukono wa mutu mwenye kufikiri inaweza kuokoa bei ya BCM nzima. Na kama mwenye motokari anawaambia, "Badilisheni tu, niko na haraka," mumuonyeshe kwanza namba mulizopima. Namba hizo atazielewa, kwa maana ni pesa yake inayozungumzwa.