TAKATAKA YA LUPANGO TUSIICHOME



Kila asubuhi mu Kasaji tunafagia lupango, tunakusanya majani, tunawasha moto, kiisha tunasema: sasa fasi iko safi. Hapa shuleni ni vile vile kila siku ya posho. Halafu tunashangaa kwa nini lenga-lenga ya bustani yetu ni ya manjano na mahindi yanabaki mafupi.

Tuulize moto unafanya nini. Wale wa kemia wanajua: azoti, ile inayoyapa majani ya mboga rangi ya kijani, inatoka na moshi. Katika majivu inabaki potasi na chokaa. Ndiyo sababu shamba lililochomwa linazaa vizuri mwaka wa kwanza, pengine na wa pili, kiisha linachoka. Wazee walihamia pori lingine. Lakini lupango haihami. Tena udongo wetu ni wa mchanga: mvua ikinyesha, chakula cha mimea kinashuka chini pamoja na maji. Hata mbolea ya dukani, ile ya bei kali, mchanga hauishiki sana. Majani yaliyooza ndiyo yanaishika. Basi sisi makapita tunaomba: tuache kuchoma, tuanze kuozesha.

Namna ya kuanza

1. Chagua fasi ya kivuli, mbali na kisima, lakini karibu na jiko, mama asichoke kuleta maganda. Pima meta 1 kwa meta 1. Lundo dogo sana halipati joto.

2. Chini panga mabua ya mahindi, hewa ipite.

3. Weka manyasi na majani makavu, sentimeta 20 hivi. Juu yake weka vitu vibichi, kama nusu ya vile vikavu: maganda ya muhogo na ya ndizi, mabaki ya sombe, magugu. Ongeza mavi ya mbuzi ao ya kuku, udongo kidogo, majivu kidogo ya jiko. Mwanga maji. Rudia vile mpaka lundo lifike meta 1.

4. Funika na manyasi, jua lisilikaushe.

Kiisha siku tano, ingiza fimbo katikati, iache kidogo, itoe na kuishika. Ikiwa na joto, kazi inaendelea: vidudu visivyoonekana vinakula na kupumua. Joto linaweza kupita digri 55 na kuua mbegu za magugu. Fimbo ikitoka baridi na kavu, ongeza maji na mavi. Lundo likinuka kama yai bovu, maji yamezidi na hewa imekosa: geuza, changanya na manyasi makavu. Geuza kila wiki mbili ao tatu. Tumia lukasu, usitumie mikono, sababu nyoka wanapenda fasi ya joto.

Wakati mzuri ni mwezi wa 4, manyasi yangali mabichi. Mvua ikirudi mwezi wa 10, utakuta kitu cheusi, kinachonuka kama udongo wa mvua ya kwanza. Ukianza mu kiangazi, chimba shimo la sentimeta 60, na maji ya kuosha mboga uyamwange humo.

Usitie nyama, mafuta, mavi ya mbwa ao ya watu, mifuko ya plastiki, betri za radio, wala miti ya muhogo yenye ugonjwa.

Wenye jamaa Kolwezi, sikieni na hili. Mwaka 2018 watafiti wa vyuo vikuu vya Lubumbashi na Leuven (Ubelgiji) walitangaza habari za Kasulo, fasi watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Wakaaji, na zaidi watoto, walikutwa na kobalti nyingi mwilini kuliko watu wa kartie ya karibu isiyochimbwa. Kobalti haiozi. Kwa hiyo udongo na manyasi ya kando ya machimbo yasiingie mu lundo.

Sisi wa la sita tunaondoka mwaka huu. Siku ya posho inayokuja, kila darasa lilete majani yake nyuma ya bustani, bila kiberiti. Sisi tutalianzisha lundo. Wa la tano, ninyi ndio mtakaoligeuza na kulima nalo.

Makapita wenu