Kifundo Kikiteguka, Usikikande kwa Maji Moto

Kila jioni, ufuo wa umma wa Jomo Kenyatta, barabara ya Mama Ngina na viwanja vya mitaani mjini Mombasa hujaa wakaazi wanaocheza kandanda, kukimbia au kutembea. Mazoezi hupunguza hatari ya kisukari na shinikizo la damu. Hata hivyo, jeraha dogo likitunzwa vibaya linaweza kumweka mtu nje ya uwanja kwa miezi, na hata kumzuia kwenda kazini.

Majeraha ya kawaida

Kuteguka kifundo cha mguu hutokea sana mchezaji anapokanyaga shimo au mguu wa mwenzake. Kano zinazoshikanisha mifupa huvutika au kukatika, na kifundo huvimba. Wengine huumia misuli ya nyuma ya paja wanapotimka ghafla. Wanaoongeza umbali wa kukimbia kwa pupa hupata maumivu ya muundi.

Kukanda jeraha bichi kwa maji moto na kulisugua huongeza uvimbe. Katika siku 2 au 3 za kwanza, fanya yafuatayo:

• Acha kucheza mara moja.
• Funga barafu kwa kitambaa, uiweke kwa dakika 15 hadi 20, kisha urudie baada ya saa 2 au 3.
• Funga bendeji, lakini isikaze hadi vidole vife ganzi.
• Lala na uinue mguu kwa mito.

Nenda hospitali ikiwa huwezi kupiga hatua 4, kiungo kimepinda, au umepata ganzi. Aliyegongwa kichwa akachanganyikiwa, akatapika au kuzirai asirudi uwanjani, hata akisema yuko sawa. Apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Makocha wanaweza kuzuia majeraha mengi kwa kupasha wachezaji misuli moto. Mpango wa FIFA 11+ huchukua takriban dakika 20, na hauhitaji vifaa vya gharama.

Lishe

Chakula cha mchezaji kinapatikana sokoni. Ugali, wali, mihogo na viazi vitamu hutoa nguvu. Vile mlo kamili saa 3 au 4 kabla ya mchezo. Ndizi moja inatosha muda ukiwa mfupi. Baada ya mazoezi, samaki, omena, mayai, maziwa, maharagwe au ndengu husaidia kujenga misuli.

Wasichana na wanawake wanahitaji madini ya chuma zaidi kwa sababu ya damu ya hedhi. Maini, nyama na mboga za majani zina madini hayo. Ndimu au chungwa husaidia mwili kuyafyonza, ilhali chai huzuia. Ni vyema kunywa chai saa moja au zaidi baada ya kula.

Kwa joto la Pwani, kunywa maji kabla, wakati na baada ya mazoezi. Mkojo wa rangi iliyokolea ni ishara kwamba maji yamepungua mwilini. Madafu yanafaa, lakini yana chumvi kidogo kuliko jasho linavyotoa. Aliyetoka jasho jingi ale pia chakula chenye chumvi kiasi.

Wakaazi ambao hawajajisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) wanahimizwa kufanya hivyo kwa kubonyeza *147#. Jeraha halitoi ilani.