Kivu: Vijana waliolelewa na jamaa za mapokezi wanastahili kazi, si kuitwa tu kutoa ushuhuda

Mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo, mtoto anayetoka katika kundi lenye silaha, au aliyepotezana na wazazi wake wakati wa kukimbia vita, hupelekwa ama katika kituo cha muda, ama kwa jamaa ya mapokezi. Ni baba na mama wa mtaani waliokubali kumlisha, kumlaza na kumlinda huku ndugu zake wakitafutwa.

Kwa wengine ndugu hupatikana. Kwa wengine miezi hugeuka miaka, na mtoto hukomaa katika nyumba hiyo. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto inamtambua mtoto kuwa ni mtu asiyetimiza miaka 18. Akishaifikia, misaada mingi iliyotolewa kwa jina la mtoto hukoma. Anabaki kijana mwenye mahitaji yaleyale, ila jina lake limetoka kwenye orodha.

Hapo ndipo semina huanza kumwita. Anaombwa asimame mbele ya wageni, aeleze alivyotekwa au alivyofiwa, apigiwe makofi, apewe nauli, arudi nyumbani. Wiki inayofuata, maamuzi kuhusu watoto kama yeye yanachukuliwa yeye akiwa hayupo.

Lakini kijana huyo anajua mambo yasiyofundishwa darasani. Anajua kwa nini mtoto mgeni huficha chakula chini ya godoro, au hulala na viatu miguuni. Anajua swali ambalo mama mpokezi hapaswi kuuliza usiku wa kwanza. Huo ni ujuzi, na ujuzi hulipwa.

Nchi nyingine zimekwisha onyesha njia. Nchini Kenya, vijana waliokulia katika vituo vya malezi waliunda chama chao, Kenya Society of Care Leavers. Hawangoji kualikwa: wanasaidiana baada ya kutoka vituoni na kusema na wakubwa kuhusu sera za malezi. Mwaka 2022 Kenya ilizindua mpango wa miaka 10 wa kurudisha watoto kutoka vituoni kwenye jamaa. Huko Washington, Marekani, tangu mwaka 2003 kuna programu inayowaweka vijana waliopitia malezi ya aina hiyo katika ofisi za wabunge. Wanafanya kazi humo na kuandika mapendekezo yao kuhusu sheria.

Kwetu, kazi hazikosekani. Kijana aliyeandaliwa anaweza kutembelea nyumba za mapokezi pamoja na mfanyakazi wa huduma za jamii. Anaweza kufundisha jamaa mpya, au kusoma fomu ya maswali kabla haijapelekwa kwa watoto na kusema lipi litawatisha.

Ila kuna masharti. La kwanza ni mkataba na malipo, sawa na ya mwingine afanyaye kazi hiyo. La pili ni mafunzo na msimamizi wa karibu, kwa sababu kusikia habari inayofanana na yako kunaweza kufungua kidonda. La tatu ni siri. Huku Kivu, kutaja hadharani kwamba ulipitia kundi fulani kunaweza kuhatarisha maisha yako. Kijana ndiye aamue aseme nini na anyamaze wapi, na akikataa kusimulia asipoteze kazi.

La nne: asifungwe katika maisha yake ya zamani. Anayetaka kuwa fundi wa magari au muuguzi asaidiwe kufika huko. Taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, INPP, iko tangu mwaka 1964. Kumkabidhi kijana cherehani bila ufuatiliaji ni kumdanganya, kwani siku ya njaa itauzwa sokoni.

Mashirika na viongozi wanaoandaa miradi ya ulinzi wa watoto wanajua kuhesabu magari, mafuta na posho za wageni. Katika bajeti hiyohiyo waongeze mstari mmoja: mshahara wa kijana aliyewahi kulala katika nyumba hizo. Mtoto atakayefika kesho usiku atahitaji mtu anayejua kwa nini havui viatu.