Vitabu Vipya vya Sayansi za Jamii na Dhima ya Mwanafunzi wa Kiswahili

Mnamo mwaka wa 2020, shirika la Mkuki na Nyota la Dar es Salaam lilichapisha Development as Rebellion, wasifu wa Mwalimu Julius Nyerere katika juzuu tatu. Waandishi wake ni Issa Shivji, mwanasheria. Saida Yahya-Othman, mwanaisimu. Na Ng'wanza Kamata, mtaalamu wa sayansi ya siasa. Hivyo, maisha ya mtu mmoja yanachunguzwa kwa jicho la taaluma tatu.

Hata hivyo, kazi hiyo imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali mhusika wake ndiye aliyemtafsiri Shakespeare katika Mabepari wa Venisi (1969). Aidha, Azimio la Arusha la 1967 lilieleza uchumi na siasa kwa Kiswahili. Neno 'ujamaa', lililohusu udugu, lilipanuliwa maana likawa istilahi, na wataalamu wa Kiingereza hulitumia bila kulitafsiri.

Kwa hiyo, upungufu haumo katika lugha bali katika mazoea ya kuitumia. Mwanafunzi akifasiri sura moja tu ya kitabu kama hiki na kufafanua istilahi zake, ameijenga taaluma. Haba na haba hujaza kibaba.