Glakoma na Urithi: Kwa Nini Ugonjwa Mmoja Hutofautiana Baina ya Jamii za Watu?

Glakoma, ambayo watu wengi huiita presha ya macho, huongoza duniani miongoni mwa maradhi yanayoleta upofu usioponyeka. Mtoto wa jicho hupofusha watu wengi zaidi, lakini mgonjwa wake aweza kupasuliwa akaona tena. Aliyepofushwa na glakoma hana nafasi hiyo, kwani kilichokufa ni neva ipelekayo habari kutoka jichoni hadi kwenye ubongo. Aghalabu neva hiyo hufa polepole, pasipo maumivu, na uwezo wa kuona pembeni ndio unaotangulia kupotea. Kwa hiyo wengi hutambua wakati umekwisha pita.

Maji ya jicho na njia yake

Sehemu ya mbele ya jicho, baina ya konea na lenzi, ina maji maangavu yanayotengenezwa daima. Maji hayo hutoka kupitia tishu iliyo mfano wa chujio, katika pembe ambapo konea hukutana na iris, yaani ule utando wenye rangi. Yakishindwa kutoka vizuri, shinikizo hupanda. Kwa kawaida shinikizo hilo huwa baina ya milimita 10 na 21 za zebaki.

Katika glakoma ya pembe wazi, njia haikuzibwa na iris, bali chujio lenyewe hupitisha maji kwa shida. Katika glakoma ya pembe funge, iris huiziba njia. Hata hivyo, shinikizo si sababu pekee. Katika uchunguzi wa mji wa Tajimi, Japani, uliotangazwa mwaka 2004, zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi wa glakoma ya pembe wazi walikuwa na shinikizo lisilozidi 21.

Tofauti zilizoonekana

Mwaka 1991, uchunguzi uliofanywa Baltimore, Marekani, ulionyesha kuwa glakoma ya pembe wazi iliwapata watu weusi mara nne hadi tano zaidi ya weupe. Katika kisiwa cha Barbados, mwaka 1994, asilimia 7 ya watu weusi wenye umri wa miaka 40 hadi 84 walikutwa nayo. Katika wilaya ya Kongwa, Tanzania, matokeo ya mwaka 2000 yalionyesha kuwa kiasi cha asilimia 3 ya watu wa miaka 40 na zaidi walikuwa na glakoma hiyo. Huko Asia ya Mashariki, pamoja na Wainuit wa nchi za barafu, pembe funge huonekana zaidi kuliko Ulaya, kwa kuwa nafasi ya mbele ya jicho ni finyu zaidi kwa wengi wao.

Sehemu ya tofauti za hesabu hizo hutokana na namna wachunguzi walivyopima. Lakini Barbados na Kongwa zinakumbusha pia kwamba "asili ya Kiafrika" si kitu kimoja. Afrika ndiyo yenye tofauti nyingi zaidi za urithi kuliko bara lolote.

Jeni zasemaje?

Mwaka 1997 iligunduliwa kwamba jeni iitwayo MYOC, iliyomo katika kromosomu ya 1, ikiharibika huweza kuleta glakoma ya pembe wazi. Nakala moja mbovu, kutoka kwa mzazi mmoja, yatosha. Hata hivyo, jeni hiyo hueleza asilimia 2 hadi 4 tu ya wagonjwa. Waliobaki hurithi mabadiliko mengi madogo, kila moja likiongeza hatari kidogo.

Mwaka 2007 watafiti wa Iceland walitangaza habari za jeni ya LOXL1. Jeni hii huhusiana na glakoma ambayo vumbi jeupe, mfano wa mba, hutanda juu ya lenzi na kuziba chujio. Mahali pamoja katika jeni hiyo, wagonjwa wa Ulaya aghalabu walikuwa na herufi G. Wajapani walipopimwa, wagonjwa ndio waliokuwa na herufi T! Kama herufi yenyewe ingekuwa mkosaji, isingegeuka kwa kuvuka bahari. Basi herufi hiyo ni alama tu, kama kibao cha njiani. Inaonyesha jirani palipo na kisababishi, wala si kisababishi chenyewe.

Hapa pana fundisho kubwa. Uchunguzi mwingi wa jeni umefanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya, na alama zilizopatikana kwao zaweza kupotosha kwingineko. Mwaka 2019, watafiti walipowachunguza watu wenye asili ya Afrika, walipata alama ya hatari katika jeni ya APBB2 ambayo karibu haionekani kabisa kwa Wazungu na Waasia. Isingeweza kupatikana kwa kuwapima hao wengine.

Ukoo ndio kipimo cha karibu

Rangi ya ngozi haimwambii mtu kama ataugua. Ukoo wake humwambia zaidi. Uchunguzi wa Rotterdam, Uholanzi, wa mwaka 1998, ulikadiria kwamba hatari kwa ndugu na watoto wa mgonjwa ni kiasi cha mara tisa ya ile ya watu wengine. Kwa hiyo, mmoja akigunduliwa, ndugu zake wa tumbo moja na watoto wake wazima wapaswa kupimwa macho, hata kama wanaona vizuri. Dawa ya matone, miali ya leza au upasuaji hupunguza shinikizo na kuilinda neva iliyosalia. Iliyokwisha kufa hairudi.