MAELEZO KUHUSU UPASUAJI WA SARATANI YA TEZI ILIYO JUU YA FIGO

Watumishi wa Serikali na wananchi wote wanafahamishwa kuhusu ugonjwa adimu ambao, kwa mkazi wa Ihanja, mkoani Singida, kama kwa mkazi wa kisiwani, bingwa wake yuko mbali.

Juu ya kila figo ipo tezi ya adrenali, yenye uzito wa gramu 4 hadi 5 hivi, inayotoa homoni za kurekebisha shinikizo la damu, chumvi na sukari mwilini. Saratani ya gamba la tezi hiyo hukadiriwa kuwapata watu 1 hadi 2 katika kila milioni kwa mwaka. Mganga wa Ihanja anaweza kustaafu asimwone mgonjwa hata mmoja, na hatari imo humo, kwani dalili zake hufanana na za maradhi ya kila siku. Mwenye shinikizo la damu lisilotulia kwa dawa, kisukari cha ghafla, uso wa duara, na tumbo linalonenepa huku miguu ikikonda, au mwanamke anayeota ndevu na kukosa hedhi, asiishie kubadilishiwa vidonge. Apewe rufaa kwenda Hospitali ya Mkoa, Singida mjini, na kutoka huko kwenye hospitali yenye mabingwa, kama Benjamin Mkapa ya Dodoma au Muhimbili.

Tiba ya kutegemewa ni upasuaji, na ule wa kwanza ndio wenye uzito. Uvimbe hutolewa mzima ndani ya utando wake, pamoja na mafuta yanayouzunguka, na hata figo ikiwa vimeshikana. Utando ukipasuka, chembe za saratani humwagika tumboni na ugonjwa hurejea. Ndiyo maana uvimbe mkubwa hutolewa kwa mkato mpana. Upande wa kulia kazi ni ngumu zaidi, kwa kuwa tezi imeegemea mshipa mkuu urudishao damu moyoni. Kuuchoma uvimbe sindano ili kupata kipande cha kupima hakushauriwi. Kwanza hupimwa homoni, maana upo uvimbe mwingine wa tezi hiyo hiyo, feokromositoma, ambao ukiguswa bila maandalizi ya dawa hupandisha shinikizo la damu kiasi cha kuua.

Mgonjwa ambaye uvimbe wake ulikuwa ukitoa kotisoli hupewa haidrokotisoni baada ya upasuaji, kwa kuwa tezi iliyobaki huweza kulala kwa miezi mingi. Akisharudi Ihanja asiiache dawa hiyo kwa hiari yake: kuikatisha ghafla huweza kumwua. Wengine huongezewa mitoteni, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1970. Nakala ya karatasi ya kuruhusiwa ikabidhiwe kituo cha afya kilicho karibu, na picha za tumbo na kifua zirudiwe kila miezi 3 katika miaka 2 ya mwanzo.